Mtaa Unaozika kwa Saa ya Kule

Vijana wa Msukuni, mliniomba niwarekodie historia ya mtaa wetu kwa simu, mkaiweke kwenye lile kundi lenu. Nimekataa. Nimewaona mnavyosikiliza sauti za watu. Mnaikimbiza sauti mpaka mtu mzima anaongea kama kuku aliyekanyagwa mkia, halafu mnasema mmemsikia. Nimeamua kuandika. Atakayetaka kuruka mistari aruke, lakini angalau hatanikimbiza.

Wengi wenu mnanijua kama yule babu anayekaa kwenye kigoda barazani, mbele ya kibanda cha Baraka, fundi simu, na kuwauliza mnakwenda wapi. Kabla baraza ile haijawa ya Baraka ilikuwa yangu, na kabla haijawa yangu ilikuwa ya Mzee Silungwe, aliyenifundisha kazi. Sote wawili tulikuwa mafundi saa. Najua hiyo kazi mnaisikia kama hadithi. Siku hizi saa ya mkononi ni pambo, kama hereni, na ikisimama mwenyewe hajui kwa sababu haiangalii.

Nianze na mtaa, maana ndio mliouulizia.

Msukuni haukuanza kama mtaa. Ulikuwa njia ya miguu ya akina mama waliotoka Mbozi na maharage kichwani kwenda kuuza Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na pale kwenye kona, kilipo sasa kibanda cha miamala, palikuwa na msuku mkubwa. Walipumzika chini yake, wakala masuku, wakatema mbegu, wakaendelea. Mti ulikatwa na mfanyabiashara mmoja aliyetaka duka lake lionekane kutoka barabara kuu. Duka lilikufa, jina la mti likabaki. Nyumba za kwanza zilikuwa za matofali mabichi, na zote zilikuwa na baraza pana kuliko vyumba vyake vya ndani. Msidhani ni urembo. Mpaka ulikuwa unafungwa jioni, na aliyechelewa kuvuka alilala barazani kwa mtu, akapewa jamvi na uji asubuhi, bila kuulizwa kabila wala nchi. Mtaa huu ulijengwa na watu wanaojua kusubiri na kusubiriwa. Hilo nataka mlishike, nitalirudia.

Mimi nilitoka Isansa, kwa wazazi wa kahawa na mahindi. Baba alitaka nirithi shamba, lakini nilikuwa na ugonjwa wa kufungua vitu. Nilifungua redio ya nyumbani, nikafungua taa ya chemli, nikafungua mashine ya jirani ya kumenyea kahawa wakati wa mavuno, na hapo baba akasema afadhali nitafutiwe mahali ambapo kufungua vitu ni kazi. Ndivyo nilivyofika kwa Mzee Silungwe, Mnamwanga mrefu, mkimya, mwenye kioo cha jicho, kile cha mafundi cha kukuzia vitu vidogo, ambacho hata akila ugali alisahau kukivua.

Alinifundisha kwa maneno machache. Tandika kitambaa cheupe mezani kabla hujagusa saa, maana skrubu ndogo ikianguka kwenye kitambaa cheusi umeipa talaka. Usipulize ndani ya saa kwa mdomo, pumzi ina maji na maji ni kutu. Mwezi wa sita, baridi yetu ya huku ikishuka, mafuta ya saa yanaganda, kwa hiyo mtu akileta saa inayochelewa mwezi huo usiifungue, mwambie alale nayo ndani ya blanketi kwanza. Wateja wengi walipona kwa blanketi na hatukuwadai kitu.

Siku moja nilikuwa nafungua springi ya saa ya mteja, ikaruka. Tukatafuta chini ya meza, kwenye mikunjo ya suruali, kwenye nywele zangu. Dereva wa lori aliyekuwa amekaa hapo akinywa chai alituangalia kwa utulivu, kisha akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili. "Fundi," akasema, "chai ya hapa ina mifupa." Mzee Silungwe alicheka mpaka kioo cha jicho kikamdondoka. Ilikuwa moja ya mara chache sana nilizomwona akicheka hivyo, na sababu ya uchache wake ndiyo hadithi yenyewe.

Mnajua, na kama hamjui mtajua leo, kwamba sisi na wenzetu wa Nakonde tumepishana saa moja. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Mtu akishuka mtaa wetu mpaka kwenye jiwe la mpaka, akapiga hatua, tayari amerudishiwa saa nzima ya maisha yake. Watu wa Msukuni tumeichezea sana saa hiyo. Walevi wetu baa za huku zikifungwa walivuka kwenda kumalizia kule. Kuna waliosherehekea mwaka mpya huku, wakatembea, wakausherehekea tena. Jumapili kengele ya kanisa la huku ililia, na tulipokuwa katikati ya mahubiri tuliisikia ya kule ikianza kuita watu wake. Ukimwalika mtu Msukuni, swali la kwanza lilikuwa hilihili: "Ya huku au ya kule?"

Kwenye ukuta wa baraza yetu zilining'inia saa mbili za ukutani. Ya upande wa kushoto ilisoma saa ya huku. Ya upande wa kulia, ule unaoelekea mpakani, ilisoma ya kule. Wapita njia waliziangalia, madereva waliziangalia, wanafunzi walizitumia kujua kama wamechelewa. Niliposhika kazi nilidhani ni tangazo la biashara tu. Nilimsifu Mzee kwa ujanja huo wa kuvuta wateja. Akainamia saa aliyokuwa anaifungua.

Nilikuja kuelewa siku mteja mmoja alipoleta saa kubwa ya ukutani, ile inayogonga kengele. Tulikuwa tumeitengeneza, naye alikuwa anahamia Nakonde, akaomba tumwekee saa ya kule kabisa. Nikashika mshale nirudishe nyuma. Mzee Silungwe akanipiga kofi mkononi.

"Saa ya kengele hairudishwi nyuma. Utavunja kinachohesabu milio."

"Sasa nifanyeje, Mzee? Niisukume mbele mzunguko mzima, igonge kila saa?"

"Isimamishe. Kisha usubiri. Saa moja ikipita, iwashe. Itakuwa ya kule."

Akalishika kwa kidole pendulo linalobembea, saa ikanyamaza. Tukakaa. Mteja alikwenda kula. Na kwa kuwa kazi nyingine hazikuwepo, na mimi mdomo wangu haukuwa na breki, nikamuuliza kwa nini alitundika saa mbili. Akaniambia yote ndani ya saa hiyo moja tuliyokuwa tunaisubiri.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, Enelesi, aliyeolewa Nakonde. Baba yao alipofariki, mazishi yalipangwa huku kwetu, saa nane mchana. Mtu wa baiskeli alitumwa kumwambia Enelesi, naye akasema kama alivyoagizwa: saa nane. Hakuna aliyekumbuka kuongeza neno moja tu, ya huku. Saa nane yetu ilipofika walimngoja kidogo, wazee wakasema jua linakwenda, wakazika. Enelesi alipofika aliwakuta watu wananawa mikono. Jembe limeshasafishwa.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alinyoosha mkono, akanionyesha saa yake. Ilikuwa haijafika saa nane. Na saa ile, kijana wangu, nilimtengenezea mimi. Nilimwekea ya kule kwa mkono wangu huu, ili asisumbuke. Akaniambia, 'Umeniwekea saa ya peke yangu, halafu mkamzika baba kwa saa yenu. Mlikuwa mnamficha ili nani asimwone?' Hakukanyaga tena mtaa huu."

Hakutupa udongo kwa baba yake. Ninyi mliozika mnajua uzito wa konzi ile moja ya udongo. Asiyeitupa, moyo wake unabaki umeshika.

Mzee akaangalia saa zake ukutani, akawasha pendulo la saa ya mteja, na hatukuzungumzia tena jambo hilo.

Kuanzia hapo nilianza kuona vitu nilivyokuwa nikiviangalia bila kuona. Kila baada ya muda fulani mtu alitoka Nakonde na saa ya kike, ndogo, mkanda wa ngozi uliochakaa, akaiweka mezani bila maelezo. Mzee Silungwe aliifungua yeye mwenyewe, hakuniruhusu kuigusa. Mara nyingi haikuwa na ubovu wowote. Aliisafisha, akaitia tone la mafuta, akaiweka sawa kwa saa ya kulia, akaifunga kwenye kitambaa. Enelesi hakuja, lakini saa yake ilikuja. Walisalimiana kwa saa hiyo miaka na miaka, na sijui kama hata mmoja wao angekubali kuiita salamu.

Baadaye nilipewa mimi kuirudisha. Enelesi alikuwa mama mnene kiasi, mkali wa macho, akiuza maharage na dagaa wa kapenta karibu na nyumba yake. Alinipa karanga na chai. Aliiweka saa sikioni kwanza, akasikiliza, ndipo akaifunga mkononi.

"Natotela," alishukuru kwa Kibemba, kisha akageukia Kiswahili. "Huyo fundi wako, macho yake bado yanaona?"

"Yanaona, mama, ila anayalalamikia."

"Mwambie apunguze kufanya kazi kwenye mwanga wa jioni." Akazungusha mkanda wa saa mkononi. "Au usimwambie. Mwambie saa imefika."

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi nililima. Nilipeleka ujumbe wa "saa imefika" na nikaacha mengine. Lakini nilikuwa na hasira nao wote wawili, nakiri. Kutoka baraza yetu mpaka duka la Enelesi ni mwendo ambao uji haupoi njiani, nao waliufanya uwe bahari.

Ndipo Mzee Silungwe akafariki, ghafla, akiwa bado na kazi ya watu mezani. Nilizimaliza kazi hizo huku machozi yakiniharibia kioo cha jicho.

Mazishi yalipangwa saa tisa. Sikumtuma mtu wa baiskeli. Nilikwenda mwenyewe mpaka kwa Enelesi, nikamwambia, "Mama, ni saa tisa ya kwetu, saa nane ya kwako." Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua. Nikarudia. Akasema, "Nimesikia, mukwai," kwa neno lao la heshima, bila kuinua macho, na nikaondoka sijui kama nimepeleka taarifa au nimemwagia maji juu ya jiwe.

Siku yenyewe mtaa ulijaa. Jeneza lilikuwa uani, nyuma ya baraza, na makaburi ni pale chini mnapopajua, mnapopita kuelekea mpakani. Saa tisa ikafika. Enelesi hakuwepo. Mawingu yalikuwa yamepanda kutoka upande wa Zambia, meusi, na mchungaji alikuwa anayaangalia kuliko alivyokuwa akiangalia kitabu chake.

"Fundi, tunasubiri nini?" akaniuliza.

"Dada wa marehemu, mchungaji."

"Aliambiwa saa?"

"Nilimwambia mimi mwenyewe. Zote mbili."

"Basi ndugu yangu, aliyeambiwa saa zote mbili na hajaja, amekwisha kujibu."

Watu wakaitikia. Wengine walikuwa wametoka Ileje, walikuwa na safari ya kurudi. Vijana walikwishainama kushika jeneza. Sikuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Nilijua tu kwamba wakilibeba lile jeneza, kitu alichokuwa anakitengeneza yule mzee maisha yake yote kitavunjika kabisa, na hakuna fundi mwingine wa kukifungua. Nikazunguka mpaka barazani, nikapanda kwenye kigoda, nikafungua kioo cha saa ya kushoto, nikalishika pendulo. Ikanyamaza kwenye saa tisa kamili.

Nikasema kwa sauti, "Saa ya mtaa imesimama. Marehemu alinifundisha kwamba saa hairudishwi nyuma, inasubiriwa. Tungoje ya kule nayo ifike tisa."

Kuna aliyecheka. Kuna aliyesema fundi amechanganyikiwa kwa majonzi. Kisha bibi mmoja muuza masuku, aliyekuwa amechoka kusimama tangu asubuhi, akaketi kwenye ukingo wa baraza na kusema, "Mimi nimekaa." Wakaketi wa pembeni yake. Mvua ikaanza kudondoka, na hapo mngeiona faida ya baraza pana: mtaa mzima uliingia chini ya mapaa, wenyeji na wageni, wamebanana, kimya. Jeneza nalo tulilisogeza barazani. Mchungaji alifunga kitabu akakiweka kifuani. Hatukuimba. Nyimbo zilikuwa za njiani kwenda makaburini, na hatukuwa tumeanza safari.

Mshale wa saa ya kulia ulikuwa unakaribia kusimama wima mvua ilipopungua, na tukamwona anapanda mtaa. Peke yake, nguo imelowa mpaka magotini, mkono mmoja ameufunika mwingine ulipo ile saa. Watu walimfungulia njia. Alifika barazani, akaangalia ukutani. Saa zote mbili zilisema saa tisa. Aliziangalia muda mrefu kuliko alivyoliangalia jeneza.

"Nani amesimamisha hii?"

"Mimi, mama."

Akaketi sakafuni. Aliyoyasema hapo niliyasikia kwa masikio yangu na sijayapunguza.

"Nilifika kwa wakati. Nimekaa pale jiweni, mpakani, tangu saa nane ya kwetu. Nilijiambia, nitawasikia wakianza kuimba kwenda makaburini. Wakiimba bila mimi, basi nimeshinda, nitageuka nirudi nyumbani na sitamlilia. Nikangoja waimbe. Mvua ikaninyea pale pale nangoja waimbe." Alishika kichwa. "Hamkuimba. Kaka yangu, kwa nini hamkuimba?"

Ndipo akalia. Alilia kilio cha baba na cha kaka kwa mpigo, na hakuna aliyemnyamazisha. Tulipoondoka kwenda makaburini yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Mchungaji alimpa konzi ya kwanza ya udongo, naye aliitupa, kisha akainama akachukua ya pili, akaishika sana, akasema, "Hii ya baba," akaitupa palepale. Baba yake alikuwa kaburi la jirani. Hakuna aliyemwambia amekosea.

Jioni nilirudi kuiwasha saa ya kushoto na kuisukuma mbele mpaka ilipotakiwa kuwa. Enelesi akaja Msukuni mara nyingi baada ya hapo. Alikaa kwenye kigoda hiki hiki ninachokalia, akinywa chai na kulaumu bei ya maharage ya huku. Saa yake aliileta mwenyewe, na mimi nilikuta kweli haina ubovu.

Tangu siku ile Msukuni hutangaza mazishi kwa saa zote mbili na kuanza kwa ile inayochelewa. Hakuna kikao kilichopitisha. Watu waliona tu kwamba kumsubiri mtu ni jambo linalowezekana, na likawa desturi. Wageni hutushangaa. Husema watu wa Msukuni mnapoteza saa nzima mmekaa na maiti barazani.

Sasa nawaambia kwa nini nimeshika kalamu. Mwezi uliopita tulimzika jirani yetu, na tangazo mlilitoa ninyi kwenye lile kundi. Mliandika "saa saba mchana", basi. Nilipouliza, Baraka akanijibu kwa heshima zake zote, "Babu, siku hizi simu inajiset yenyewe, kila mtu ana saa." Baraka mwanangu, wewe ndiye fundi, unajua kuliko mimi: simu ya mtu wa mtaa huu ikidaka mnara wa kule, inajirudisha nyuma bila kumwambia mwenyewe. Wewe mwenyewe juzi ulifungua kibanda wateja wameshaondoka, ukalaumu kengele ya simu. Na siku ya mazishi yale, mjomba wa marehemu alifika kutoka Nakonde tukiwa tunanawa mikono. Nilimwona anatazama simu yake, kisha anatazama mikono yetu. Niliuona uso ule wa Enelesi ambao sikuwahi kuuona, ule niliosimuliwa. Nilirudi nyumbani sikula.

Nyumba ya baraza yetu imeuzwa, nasikia linakuja ghorofa. Sipigani na ghorofa. Mti wa msuku ulikatwa na mtaa ukaendelea, na baraza nazo zina siku zake. Saa mbili zile Baraka amezishusha na kuzifunga kwenye gunia, zimesimama, na spea zake hazipatikani tena. Kama mtazitundika mahali, vizuri. Kama mtazitupa, nitaumia siku mbili tatu, kisha nitanyamaza. Chuma ni chuma.

Ninachowaomba ni saa ile moja. Binti yangu Atupele, wengi wenu mmecheza naye, ameolewa kule. Ana watoto, ana duka, simu yake ina laini za nchi mbili na kila siku inamdanganya. Siku yangu ikifika, atakuja mbio na atachelewa, namjua, hata shule alichelewa. Mchungaji ataangalia mawingu. Nanyi mtakuwa na malori ya kuwahi na abiria wa bodaboda. Ketini. Msianze kuimba mpaka mmwone anapanda mtaa.

Mimi mwenyewe sitakuwa na haraka.